Mtoto Aliyewazidi Wazazi Wake

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote. Ukisoma habari hii ukaona kama unaijua, usiulaumu mkono wangu, laumu macho yako. Mimi ni karani tu, na karani haandiki ila alichoambiwa.

Jina langu ni Mashaka Kitungule. Kwa miaka kumi na tisa nimekaa dawati la nane katika Idara ya Chanzo cha Akili, iliyo chini ya Wizara ya Akili na Mifugo. Wageni hushangaa kwa nini akili na mifugo viliwekwa pamoja. Sababu ni nyepesi. Waziri wetu wa kwanza alikuwa mfugaji hodari, na alipoona ng'ombe wa maziwa huzaa ng'ombe wa maziwa, hakuona haja ya kuunda wizara mbili.

Katika nchi yetu akili hurithiwa. Hilo halina ubishi, limo katika Sheria ya Damu, kifungu cha kwanza. Kila raia hubeba kadi yenye alama zake za mtihani wa darasa la saba, na kadi hiyo huulizwa hospitalini, benki, posta, hata msibani, ili ijulikane nani akae mkekani na nani apewe kiti. Mtoto akifanya mtihani, Idara huchukua kadi ya baba na kadi ya mama, hutafuta wastani, huongeza alama tano za huruma, na hapo ndipo akili ya mtoto inapoishia. Akipata zaidi ya hapo, ni kosa la msahihishaji. Mtoto wa mkubwa akipata pungufu, nalo ni kosa la msahihishaji.

Kuyaondoa makosa hayo ndiyo kazi yangu, na kazi hiyo huitwa kunyoosha. Naletewa karatasi za watoto kwa toroli, nazilinganisha na kadi za wazazi, na palipopinda nanyoosha kwa rula na kalamu ya kijani. Mtoto wa mchoma mkaa aliyepata themanini na nane namrudisha kwenye thelathini zake. Mtoto wa mkuu wa wilaya aliyepata kumi na mbili nampandisha hadi walipo wazazi wake. Mwisho wa mwaka Idara hutoa ripoti nene inayoonyesha kwamba alama za watoto wa nchi nzima zimelingana na za wazazi wao bila kukosea hata mmoja, na ripoti hiyo ndiyo ushahidi wa kisayansi kwamba akili hurithiwa. Wataalamu wa nje huisifu mno. Wanasema hawajawahi kuona takwimu zilizonyooka namna ile.

Nami nilijivunia kazi yangu. Sitadanganya.

*

Binti yetu anaitwa Sikudhani. Mtaani kwetu Bondeni mimi ni Baba Siku, na mke wangu Mwanvita ni Mama Siku. Wateja wake wa vitumbua sidhani kama waliwahi kulijua jina lake jingine. Kadi yangu ni arobaini na moja, ya mke wangu thelathini na moja. Wastani wake thelathini na sita, ongeza tano za huruma. Siku aliruhusiwa arobaini na moja, na sekondari inataka sitini.

Tulilijua hilo tangu siku aliyozaliwa na tukajiandaa kulimeza. Tatizo lilikuwa mtoto mwenyewe. Mama yake alikuwa akifungia vitumbua kwa karatasi za mitihani ya zamani, ambazo Idara huziuza kwa kilo zikishanyooshwa, na mtoto akajifunzia kusoma humo humo, na mafuta yake. Alipokuwa na miaka saba alikuwa akimwambia mteja, "Usiifuate hii uliyofungiwa, huyu kasahau kugeuza sehemu." Mama yake naye, na thelathini na moja zake, alikuwa akikoroga unga huku akimtupia maswali magumu kuliko yale ya kwenye karatasi. Sikujua anayatoa wapi. Sikuuliza pia, maana mtu wa arobaini na moja ana mipaka ya kuuliza.

Mwezi wa kumi toroli likaja. Karatasi ya tatu kutoka juu ilikuwa na mwandiko ninaoujua, wenye k iliyovutwa mkia mrefu. Ilikuwa na tisini na saba.

Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikaisukuma chini kabisa ya rundo. Asubuhi iliyofuata niliikuta juu, kwa sababu katika ofisi yetu karatasi za chini hupandishwa juu kila asubuhi ili ionekane kazi inasonga. Nikairudisha chini. Nilifanya hivyo siku kumi na moja.

"Matokeo bado, baba?" Siku alikuwa akiniuliza kabla sijavua viatu.

"Bado, mama. Yananyooshwa."

"Yangu hayajapinda," akasema. "Niliyahakikisha mara mbili."

Nilitamani ardhi inimeze mzima mzima, na kalamu yangu ya kijani mfukoni.

*

Siku ya kumi na mbili taifa lilipatwa na msiba. Mjukuu wa Mtukufu Rais aliitwa kuhesabu askari wa gwaride mbele ya mabalozi. Akahesabu vizuri hadi kumi na nne, kisha akarudi kumi na mbili, akaomba maji.

Kila raia alijua kifungu cha kwanza cha Sheria ya Damu, kwamba mtoto hachoti ila kwenye kisima cha wakubwa wake. Watu wakanyamaza kwa pamoja, na ukimya ule ukafika Ikulu. Kesho yake ukatangazwa Mdahalo wa Taifa, kuamua upya kama akili huja na damu au huja na mazingira.

Waliopanda jukwaani ni wanazuoni wetu wawili wakuu, Profesa Kurwa na Profesa Doto. Ni mapacha wa kufanana hata kikoromeo cha shingoni. Walitoka tumbo moja asubuhi moja, wakanyonya ziwa moja, wakakaa dawati moja kwa miaka kumi na minane, na hadi leo wanavaa viatu vya fundi mmoja. Profesa Kurwa anaamini damu. Profesa Doto anaamini mazingira. Hawajawahi kukubaliana hata juu ya saa. Mimi nilijiuliza: kama damu ndiyo inayoamua, damu yao ni moja, kama malezi ndiyo yanayoamua, malezi yao ni mamoja, sasa huu ugomvi walipewa na nani? Lakini nilikuwa nimekaa safu za hamsini na kushuka, na safu zetu hazikugawiwa kipaza sauti.

"Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta!" alinguruma Profesa Kurwa.

"Samaki mkunje angali mbichi!" alijibu Profesa Doto.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka!"

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo!"

Wakaenda hivyo tangu saa tatu asubuhi hadi alasiri, methali kwa methali, na wasomi wetu wakiandika kila kitu. Methali zilipowaishia wakaanza kutukanana, kila mmoja akiitukana sura ya mwenzake. Ndipo Mtukufu Rais akainuka.

"Nimewasikiliza kwa makini," akasema. "Mjukuu wangu ameharibiwa na mazingira."

Sayansi ikawa imeamua. Tukapiga makofi dakika tisa.

Nilirudi nyumbani nusu mbio. "Mama Siku! Damu imefutwa! Sasa ni mazingira!"

Mke wangu alikuwa anachuja mafuta. "Wamesema mazingira ya nani?" akauliza.

*

Wiki haikupita, akaja Mkaguzi wa Mazingira na futi ya kupimia. Alipima dirisha letu moja, akapima umbali kutoka kitandani hadi jikoni, na haukumpa kazi.

"Mna piano?"

"Hatuna."

"Farasi wa watoto?"

"Tuna kuku," mke wangu akasema.

Mkaguzi akatazama rundo la karatasi za mitihani kando ya karai, zile ambazo mtoto wetu alijifunzia kila anachokijua, akaandika: *takataka, kilo sita*. Kumbe mtaa ulikuwa umeshapimwa kabla hajafika, alikuja tu kuhakikisha kwamba tunafanana nao. Chini ya Sheria mpya ya Mazingira, Bondeni ilipewa alama thelathini na nne. Mtaa wa Bustanini, wanakokaa mawaziri, ulipewa tisini na nane.

Kwa hiyo ukombozi wetu ulitupunguzia alama saba.

Ndipo mimi, kwa arobaini na moja zangu, nikapata wazo. Kama akili ni anwani, basi mtoto apate anwani. Waraka ulisema alama zitanyooshwa kwa kufuata mahali anapolala mtoto siku ya mwisho ya Novemba. Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Daktari Mabruki (aliitwa Daktari mara mbili kwa kuwa vyuo viwili vilimtunuku), alikuwa akitafuta msichana wa kazi za ndani.

"Unataka mtoto mwenye tisini na saba akafue soksi za Waziri," mke wangu akasema. Hakuwa ananiuliza.

"Wiki tatu tu, Mama Siku. Alale Bustanini wiki tatu, halafu asome maisha yake yote."

Mama yake alimfungia nguo zake kwenye khanga, akamfungia na vitumbua. Siku alipokuwa anapokea furushi alikuwa tayari anaisoma karatasi ya juu.

Huko Bustanini alimkuta Lulu, binti wa Waziri, rika lake. Lulu alikuwa ameufanya mtihani ule ule na kupata tisa. Namjua vizuri, nilimnyoosha mwenyewe siku za mwisho za Sheria ya Damu. Waziri ana kadi ya tisini na nane, mkewe tisini na sita, ongeza tano za huruma, Lulu akafika mia na mbili. Kisanduku cha alama hakikutosha, ikabidi mbili niziandike pembeni. Lulu mwenyewe alikuwa mtoto mpole, na redio iliyokufa akiishika inaongea. Lakini redio haimo kwenye mtihani, kwa hiyo nyumba nzima ilimwona hana kitu. Siku alimpenda. Alimfundisha kugawanya, naye Siku akafundishwa kuunga nyaya.

Siku ya mwisho ya Novemba, saa nne asubuhi, ukatoka waraka wa nyongeza: chumba cha mtumishi ni mazingira yanayojitegemea hata kikiwa ndani ya uzio wa mkubwa. Alama zake ni thelathini.

Mtoto aliyepata tisini na saba nilimpokea akiwa na arobaini na moja, nikamshusha hadi thelathini na nne, kisha thelathini, na yote hayo nikimsaidia. Siku hiyo nililia chooni, ofisini, mlango nimeufunga.

*

Sheria ya Mazingira haikumaliza hata miezi miwili. Iliuawa na watu wa Bondeni. Baada ya kuambiwa kwamba ujinga wao umetokana na mazingira yao, walianza kuyaomba mazingira. Waliomba maji. Waliomba maktaba. Mzee mmoja aliandika barua kuomba piano. Serikali ikaona hatari iliyo mbele, Bunge likakutana kwa dakika arobaini, na Sheria ya Damu ikarudi kama ilivyokuwa, pamoja na sherehe.

Wakati huo huo wataalamu wa nje wakaandika kwamba wanakuja Januari. Wamesikia kuna mtoto wa alama mia na mbili, na wangependa kumuuliza maswali, ana kwa ana.

Waziri Mabruki hakulala, na watumishi wake nao hawakulala, Siku akiwamo, maana hakuwa ameruhusiwa kuondoka. Akamwajiria Lulu mwalimu. Mwalimu akauliza swali sebuleni, Lulu akakaa kimya, jibu likatokea jikoni. Akauliza la pili, jibu likatoka jikoni pamoja na harufu ya vitunguu. Kesho yake niliitwa Bustanini.

"Ndugu Mashaka," alisema Waziri, na mkono wake begani kwangu ulikuwa mzito, "taifa lina jambo dogo la kukuomba. Unamfahamu yule binti wa jikoni?"

"Ni mwanangu, mheshimiwa."

"Hapo ndipo penye kosa la kiuandishi." Akanisogezea karatasi mbili, ya juu ikiwa ya mtihani wa Siku. "Tisini na saba! Wewe una ngapi?"

"Arobaini na moja, mheshimiwa."

"Na mama?"

"Thelathini na moja."

"Unaona sasa? Sheria inakataa. Ukweli ni kwamba mke wangu alijifungua pacha. Mmoja akapotea palepale wodini. Nimelikumbuka juzi. Profesa Kurwa na Profesa Doto wamethibitisha kwa pamoja, na unajua hao hawajawahi kuthibitisha kitu kwa pamoja."

Nikasoma kichwa cha karatasi ya chini: *Hati ya Kiapo ya Kuondoa Uzazi*.

"Na yule wetu, mheshimiwa?"

"Wenu yupi?"

"Tuliyemzaa sisi."

Akaisoma hati, kidole kikifuata mistari, kama mtu anayetafuta kwa moyo safi. "Kwa mujibu wa hati," akasema, "hamkuzaa."

Halafu akanieleza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. Tukitia saini, mtoto ana chanzo, alama zake zinasimama, wataalamu wa nje anawajibu yeye kwa niaba ya pacha wake, Januari anaingia sekondari ya sayansi. Tusipotia, mtoto ana alama tisini na saba zisizojulikana zilikotoka, na sheria ina jina la jambo hilo: kupatikana na akili inayodhaniwa kuwa ya wizi. Adhabu yake ni miaka mitano katika shule ya marekebisho, ambako hufundishwa kusahau.

"Chukua muda wako," akasema Waziri. "Hadi Jumatatu."

*

Jumapili Siku alipewa ruhusa kuja nyumbani. Niliisoma hati kwa sauti, maana sikujua namna nyingine ya kuisema.

"Na huku tumboni nilibeba nini, Baba Siku?" mke wangu aliuliza. "Boga?"

"Hati haina nafasi ya swali hilo."

"Usiku kucha nalia kule wodini, nesi ananiambia sukuma, nasukuma nini? Upepo?"

"Mama Siku, mimi sikuiandika."

"Hukuiandika. Wewe unanyoosha tu."

Siku alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, ananitazama. "Baba, nikishakuwa wao, Jumapili nitakuja?"

Kifungu cha tisa kilisema hapana. Wala asionekane Bondeni, wala asituamkie kwa majina ya uzazi. Nilikisoma kifungu hicho polepole kuliko vingine vyote, nikitumaini kitakwisha kabla sijakifikia.

Mtoto akawa anahesabu kitu kwa vidole, akafika mwisho, akaanza tena. "Hesabu hii siipendi," akasema. "Kila nikiifanya kuna mtu anabaki."

Nilidhani mke wangu angeichana ile karatasi, na kusema kweli nilikuwa naomba Mungu aichane, ili isiwe mimi. Badala yake alifuta mikono kwenye khanga, akanichukulia kalamu mfukoni, ile ile ya kijani, akaandika jina lake lote, Mwanvita Kombo, akivuta mkia wa k hadi ukingoni. Ulikuwa mkia ule ule wa Siku. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza kama mmoja alimrithisha mwenzake au alimfundisha.

"Asome," akasema, akaenda uani.

Nikatia saini chini yake.

*

Jumanne akaja mtendaji wa mtaa na tarumbeta. Akatangaza kwamba Bondeni hakuna tena Baba Siku wala Mama Siku, na atakayeyatumia majina hayo atashtakiwa kwa kusambaza uzazi wa uongo. Tukarudishiwa majina yetu ya zamani kama nguo za utotoni, hayakutuenea. Wateja wakafika kwenye karai, "Nifungie vitano, Mama..." kisha wanakwama, wanatazama chini. Baada ya siku chache wakaanza kumwita Mama Vitumbua. Walikusudia heshima. Yeye aliitika kila mara, na kila mara nilimwona anachelewa kidogo kuitika.

Kazi ilikuwa imebaki moja, kukamilisha faili. Kanuni inataka hati ya kiapo iambatanishwe na karatasi za awali za mtihani za walioapa. Nikashuka masijala, kule chini ambako panya nao ni watumishi wa muda mrefu, nikatafuta yangu kwanza. Arobaini na moja. Hakuna aliyeigusa, ilikuwa arobaini na moja ya halali. Nikatafuta ya Mwanvita Kombo.

Kwa wino mwekundu wa msahihishaji iliandikwa tisini na tatu. Juu yake, kwa kijani, mstari ulionyooka wa rula, na pembeni: *Baba mpagazi, kadi 30. Mama, kadi 22. Wastani 26. Huruma 5. Jumla 31.*

Nilikaa sakafuni, nikafanya hesabu kwenye kiganja. Tisini na tatu zake na arobaini na moja zangu. Wastani sitini na saba, ongeza tano za huruma, sabini na mbili. Sekondari inataka sitini. Kwa sheria yao wenyewe, kwa Damu hiyo hiyo, Sikudhani angeingia shule akiwa mtoto wa Mashaka na Mwanvita, bila kiapo, bila pacha, bila kufua soksi ya mtu.

Nilipanda ngazi mbili mbili hadi kwa Mkurugenzi wetu, Bwana Chambuso, mtu mpole anayependa faili zifungwe vizuri. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Ni kweli," akasema. "Huyu mama alikuwa na akili nyingi sana."

"Kwa hiyo mtoto alirithi kihalali!"

"Mtoto yupi, Ndugu Mashaka? Huyu mama hana mtoto." Akagonga hati ya kiapo kwa kidole. "Umeapa mwenyewe. Sasa akili yake imrithishe nani?"

"Basi irekebishwe kadi yake tu, bwana. Angalau yeye."

"Ukirekebisha ya huyu, na jirani yake naye atataka. Na wewe umenyoosha wangapi kwa miaka kumi na tisa?"

Sijawahi kuwahesabu. Ni toroli moja kwa siku, isipokuwa sikukuu.

Niliiiba ile karatasi. Ndiyo kitu pekee nilichowahi kuiba serikalini, nikaificha ndani ya soksi na kumpelekea mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, swali kwa swali, midomo ikitembea. Kwenye swali la kumi na tisa akasema, "Hili hata leo wanalikosa." Halafu akafika kwenye kijani.

"Nani aliyeninyoosha?"

"Aliyekaa dawati la nane kabla yangu. Marehemu sasa."

"Alikuwa mtu mbaya?"

"Hapana. Alikuwa mtu wa kawaida. Alipenda kahawa."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani. Sikuweza kumtazama usoni, na hadi leo nikimtazama ni kwa kuibia.

*

Wataalamu wa nje walikuja Januari. Walimuuliza Sikudhani Mabruki maswali saa mbili mfululizo, na maswali yakawaishia wao. Mmoja akauliza, akili yote hii ameipata wapi. Siku alijibu kama alivyofundishwa, "Nimeirithi kwa wazazi wangu," akitazama dari. Ukumbi ukasimama kwa makofi. Lulu, pembeni, alikuwa amekwishatengeneza kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma. Ripoti ya mwaka huo iliweka picha ya Siku kwenye jalada, na chini yake maneno: *Damu Haidanganyi*. Mimi nilikuwapo. Ndimi niliyebeba maboksi ya ripoti.

Msafara ulipotoka, akapita mbele yangu kwenye ujia, na sare mpya na soksi nyeupe. Akasimama.

"Shikamoo, karani," akasema.

"Marahaba, binti wa mheshimiwa."

Hakuondoka mara moja. Alibaki palepale ananitazama, kama mtoto aliyetoa jibu akijua limekosewa na anamsubiri mwalimu alisahihishe. Nyuma yake alikuwapo mlinzi. Nikainama nikapanga maboksi ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa, na nilipoinuka alikuwa ameshafika kwenye gari.

Nyumbani mke wangu alikuwa kwenye karai la alasiri. Hakugeuka.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kanenepa?"

"Kidogo. Anapendeza."

"Amekuamkia?"

"Ameniamkia."

Mafuta yakawa yanalia. "Amekuitaje?" akauliza.

Niliiangalia ile salamu jinsi ilivyopinda. Mimi ni mtu wa dawati la nane, kazi nyingine siijui. Nikainyoosha.

"Ameniita baba," nikasema.

Aligeuka akanitazama kwa muda mrefu, na usisahau kwamba mke wangu ni tisini na tatu.

"Ahsante, Baba Siku," akasema, akarudi kugeuza vitumbua.